Taa za Uwanja wa Mbele: Panga Kwanza, Nunua Baadaye

Msikilizaji, kila msimu wa mavuno watu wakishauza mazao, swali moja hurudi kwenye simu za studio: "Nataka kuweka taa mbele ya nyumba. Ninunue ipi?" Swali ni zuri, ila limeanzia mwisho. Anayeanza dukani hurudi na taa kubwa moja, akaifunga juu ya mlango, na kesho yake uwanja mzima unang'aa. Baada ya wiki chache jirani analalamika kwamba halali, wadudu wamejaa ukutani, na bibi bado anajikwaa kwenye ngazi ileile.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga taa za mbele ya nyumba ya kijijini, iwe unatumia umeme wa TANESCO au sola. Unaweza kuyasoma kidogo kidogo. Ukiondoka na jambo moja tu, liwe hili: kazi ya taa si kuung'arisha uwanja, ni kukuwezesha kuona unapokanyaga na kumtambua anayekuja.

Anza kwa kutembea usiku

Kabla ya kutoa hata shilingi, chagua usiku usio na mbalamwezi. Zima taa zote za nje, subiri dakika 20 hivi macho yazoee giza, kisha tembea polepole. Toka mlangoni hadi barabarani, nenda bombani au kwenye tangi la maji, nenda chooni kama choo kiko nje, pita mahali pikipiki inapolala, kisha rudi. Tembea na mtu mzima zaidi kuliko wote nyumbani, na mtoto pia, kwa kuwa hatua zao si kama zako.

Kila mahali ambapo mguu unasita, weka jiwe au kijiti. Asubuhi utaona alama zako ziko wapi. Mara nyingi ni sehemu zilezile: ngazi ya kibaraza, mfereji wa maji ya mvua, mzizi wa mwembe uliotokeza, kona ya nyumba, na pale njia inapokutana na barabara.

Sasa chora ramani kwenye karatasi. Nyumba ni mraba, njia ni mstari, miti ni miduara. Weka nukta kwenye kila alama na uandike hatua ngapi zipo kati ya nukta na nukta. Piga picha ramani hiyo kwa simu, nawe utaenda nayo kwa fundi na dukani. Hata muuzaji hatakuyumbisha kirahisi akiona unajua unachotafuta.

Kupanga ni kuchagua. Kama fedha inatosha taa mbili tu, ziende kwenye nukta mbili zenye hatari zaidi. Ua la mapambo na ukuta mpya uliopakwa rangi vinaweza kusubiri mavuno mengine.

Taa kali hutengeneza giza lake

Watu wengi huamini kwamba taa ikiwa kali, usalama unaongezeka. Jaribu mwenyewe. Mwambie mwenzako akumulike tochi ya simu usoni kutoka hatua tano. Utaiona tochi, ila yeye humwoni. Taa kubwa iliyofungwa ikitazama barabarani hufanya vivyo hivyo kwa kila anayeingia kwako, na kwa bodaboda anayepita pia. Ukitoka ndani, wewe nawe huoni kilicho nyuma ya ule mwanga. Mwizi hahitaji giza la kijiji kizima. Kivuli kimoja cheusi kando ya taa kali kinamtosha.

Jicho hujirekebisha kulingana na sehemu inayong'aa zaidi mbele yake. Ndiyo maana taa tatu ndogo, zilizofungwa chini na kufunikwa juu ili zimulike ardhi, huonyesha mengi kuliko taa moja kubwa iliyo juu.

Umbali nao una sheria yake. Ukiisogeza taa mara mbili mbali na mahali unapotaka kuona, mwanga unaofika pale unabaki robo tu. Kwa hiyo taa ndogo iliyo mita moja kutoka ardhini inaweza kukufaa kuliko kubwa iliyo juu ya paa.

Vipimo vya kuanzia ni hivi:

• Njia ya miguu: taa iwe kati ya nusu mita na mita moja kutoka chini, na ikingwe upande wa juu.
• Mlangoni: mita 2 hivi, pembeni ya mlango. Taa ikiwa nyuma ya mgeni, uso wake utakuwa kivuli. Ikiwa pembeni, utamtambua kabla hajamaliza kupiga hodi.
• Taa ya sensa, ile inayowaka mtu anapopita: mita 2 hadi 2.5.

Kabla ya kutoboa ukuta, fanya jaribio la tochi ya simu. Usiku, mtu mmoja ashike simu pale unapofikiria kuweka taa, mwingine atembee njia nzima. Ipandisheni, ishusheni, igeuzeni. Kisha nenda dirishani kwa jirani, kwa idhini yake, uangalie kama mwanga unamwingilia. Dakika kumi za jaribio hili huokoa ugomvi wa miaka.

Kusoma boksi la taa

Dukani utakutana na herufi na namba. Nne zinatosha.

Wati ni kiasi cha umeme taa inachokula. Hazisemi taa inatoa mwanga kiasi gani.

Lumeni ndicho kipimo cha mwanga wenyewe. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Njia ya miguu inatosheka na lumeni 100 kwa kila taa. Mlangoni, lumeni 300 hadi 500 zinatosha kabisa.

Namba yenye herufi K inaeleza rangi ya mwanga. 2700K au 3000K ni mwanga wa njano uliopoa, unaokaribia ule wa fanusi. 6500K ni mweupe wa kuelekea bluu. Kwa nje chagua wa njano. Hauumizi macho na hauvuti wadudu wengi kama ule mweupe.

Herufi IP na namba mbili zinaeleza jinsi taa inavyozuia vumbi na maji. Namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inafaa chini ya paa la kibaraza, mahali pa matone tu. Taa inayokaa wazi kwenye mvua iwe IP65. Taa isiyo na alama hiyo ni ya ndani, hata muuzaji akiapa.

Mwisho, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na udai risiti na dhamana ya maandishi.

Sola: pima paneli, usisome wati

Hapa ndipo fedha nyingi za wakulima zinapotea. Utaona taa ya sola imeandikwa wati 200, bei yake ya kuvutia, paneli yake ukubwa wa karatasi ya A4. Fanya hesabu pamoja nami.

Paneli nzuri yenye ukubwa wa mita moja ya mraba hutoa wati 200 hivi jua likiwa kali kabisa. Karatasi ya A4 ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya mita ya mraba. Kwa hiyo paneli hiyo, ikiwa nzuri sana, itatoa wati 12 hivi. Chukua saa 5 za jua kali kwa siku: unapata watisaa 60. Nyingine hupotea wakati wa kuchaji na kutoa, labda zikabaki 40. Gawanya kwa saa 12 za usiku. Taa yako ya "wati 200" ina uwezo wa kuwaka kwa wati 3 au 4 hadi asubuhi.

Wati 3 za LED zinatosha kumulika ngazi au njia. Tatizo ni kulipia wati 200 ukapewa 3, kisha ukapanga uwanja wako kwa kuamini namba ya kwenye boksi. Taa kama hiyo huwaka kwa nguvu jioni, na kufika saa nane usiku imezimika, wakati ambao bibi anaamka kwenda chooni.

Mambo mengine ya kuzingatia kwenye sola:

• Uelekeo. Hapa Tanzania tuko kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini na iinamishwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Asubuhi simama ukitazama jua linapochomoza, mkono wako wa kushoto ndiko kaskazini.
• Kivuli. Tawi moja likiziba kona ya paneli linaweza kupunguza chaji kwa kiasi kikubwa. Taa zenye paneli juu yake hazifai chini ya mwembe. Nunua ile ambayo paneli inakaa mbali, ikiunganishwa kwa waya.
• Betri. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, itakufa mapema. Ya lithiamu aina ya fosfeti huvumilia kutumika hadi asilimia 80.
• Wizi. Funga paneli kwa boliti ambazo hazifunguki kwa spana ya kawaida, na andika jina lako nyuma yake kwa rangi isiyofutika.

Umeme wa TANESCO: hesabu ya uniti na ya uhai

Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 0.6. Kwa mwezi ni uniti 18, zote za LUKU, na kwa sehemu kubwa inamulika uwanja usio na mtu. Mpango mzuri, kama tutakavyoona kwenye mfano hapa chini, unakula uniti 3 hivi kwa mwezi.

Lakini jambo kubwa ni usalama. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Nje kuna mvua, ardhi yenye unyevu, watoto pekupeku, mbuzi na majembe. Mambo yafuatayo hayana mjadala:

• Usivute waya wa ndani kupitia dirishani na kuuning'iniza mtini. Upepo utausugua hadi shaba ibaki wazi.
• Waya wa kupita ardhini uwe wa aina inayotengenezwa kwa kufukiwa, ndani ya bomba la plastiki, kina kisichopungua nusu mita. Juu yake, kabla ya kumaliza kufukia, panga matofali au vigae, ili jembe ligonge hapo kwanza. Piga picha mtaro kabla ya kufunika. Miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka waya ulipita wapi.
• Taa za nje ziwe na swichi yake ya kinga inayokata umeme mara unapovuja, na ethi iwe imepimwa.
• Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni, si jambo la kuona aibu.

Ukiona kiungo kimelegea au taa imeingia maji, zima kwenye swichi kuu kwanza. Usijaribu kwa kidole.

Wapo wanaochanganya: umeme ndani, sola nje. Ni chaguo zuri kwa njia iliyo mbali na nyumba. Umeme ukikatika, nje kunabaki na mwanga, na hakuna waya wa volti 230 chini ya miguu ya watoto.

Taa, wadudu na nyoka

Wengi hutuambia wanaweka taa ili kufukuza nyoka. Tuseme ukweli: taa haifukuzi nyoka. Inakusaidia kumwona. Tena taa iliyowekwa vibaya inaweza kumkaribisha. Mwanga mweupe huvuta wadudu, wadudu huvuta vyura na mijusi, na nyoka hufuata chakula chake. Kifutu, ambaye hulala kimya njiani akitegemea rangi yake imfiche, huuma akikanyagwa. Dawa ya hilo ni kuona unapokanyaga, pamoja na uwanja uliofyekwa na viatu mguuni.

Kwa hiyo:

• Usiweke taa juu kabisa ya mlango. Isogeze pembeni, wadudu wabaki huko na wasiingie ndani kila unapofungua.
• Lundo la kuni, matofali na mabati ya zamani vikae mbali na njia na taa.
• Wakati wa kumbikumbi, zima taa ya kibaraza mapema. Vivyo hivyo mvua zinapomleta yule mdudu mdogo mwenye rangi nyeusi na nyekundu, ambaye akisagwa ngozini huacha malengelenge. Naye hufuata mwanga.
• Taa ya nje haizuii mbu wa malaria, kwa kuwa yeye hufuata zaidi pumzi na harufu ya mtu. Ukikaa kibarazani hadi usiku, jikinge, na chandarua kiendelee na kazi yake.

Na ikitokea mtu ameumwa na nyoka, mtulize, asitembee, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, avuliwe pete na bangili, na apelekwe haraka kituo cha afya. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, na usipoteze muda na jiwe la nyoka.

Jambo jingine kwa wakulima. Mtama na soya hupima urefu wa usiku ili kujua wakati wa kutoa maua. Taa inayowaka usiku kucha ikimulika shamba inaweza kuichelewesha mistari iliyo karibu. Kama shamba linaanza pale uwanja unapoishia, geuza taa itazame nyumbani.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue nyumba ya kawaida: kibaraza chenye ngazi mbili, njia ya mita 20 hadi barabarani, mwembe katikati ya uwanja, choo pembeni ya nyumba. Baada ya kutembea usiku, mwenye nyumba amebaki na nukta nne.

1. Kibarazani, pembeni ya mlango: wati 5, inawaka kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku. Saa 4, watisaa 20.
2. Kona ya nyumba kuelekea chooni: wati 3, usiku kucha. Saa 12, watisaa 36.
3. Mlango wa choo: wati 3, usiku kucha. Watisaa 36.
4. Njia inapokutana na barabara: wati 5 yenye sensa. Kwa jumla huwaka labda saa moja kwa usiku. Watisaa 5.

Jumla ni watisaa 97, tuseme 100. Ukitumia umeme wa TANESCO, hiyo ni uniti 3 kwa mwezi. Taa hizohizo zikiachwa zote usiku kucha zingekula karibu mara mbili.

Kwa sola ya mfumo mmoja: gawanya 100 kwa saa 4 za jua, tukikadiria siku mbaya, kisha gawanya tena kwa 0.7 kwa ajili ya kinachopotea njiani. Unapata wati 36, hivyo paneli ya wati 50 inatosha na chenji inabaki. Betri iweze kuvuka usiku mbili zenye mawingu, yaani watisaa 200. Kwa volti 12, betri ya asidi ya ampiasaa 40 itafaa, au ya lithiamu fosfeti ya 24.

Sensa ya barabarani ina utaratibu wake. Huona joto linalotembea, na huona vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeifuata moja kwa moja. Ifunge pembeni ya njia. Usiielekeze barabarani, la sivyo itawaka kwa kila bodaboda na kila mbwa, hadi mtu mle ndani aache kuijali. Taa inayowaka ovyo haimshtui yeyote, hata mwizi.

Mwembe umeachwa gizani makusudi. Baadaye, fedha ikipatikana, taa ndogo ya wati 2 chini ya shina itaupendezesha uwanja siku ya sherehe, na iwe na swichi yake peke yake.

Baada ya kufunga

Mwezi wa kwanza, rudia matembezi ya usiku na watu walewale. Hapo ndipo utajua kama nukta zilikuwa sahihi, kwa hiyo usimwage saruji kwenye nguzo kabla ya hapo.

Kila mwezi, na kila wiki kiangazi chenye vumbi, futa paneli kwa kitambaa laini na maji, asubuhi mapema kabla haijapata moto. Futa vioo vya taa, toa wadudu waliokufa ndani, kata matawi yaliyoanza kuziba. Betri ikichoka, usiitupe shimoni wala kuifungua, ina sumu na asidi. Irudishe kwa muuzaji au wanunuzi wa betri chakavu.

Na anayehama na kukuachia nyumba, mwombe akuachie pia ile picha ya mtaro wa waya.

Usiku mwema wa kijijini ni ule ambao mgeni anapiga hodi na unamjua kwa uso, mtoto anaenda chooni bila kuamsha nyumba nzima, na jirani analala. Ukiona hayo yote yanafanyika kwako, usiongeze taa nyingine. Zilizopo zinatosha.